Vijana wanafanya kazi: je, ni mafunzo yetu yaliyowapa kazi hiyo?

Swali la msomaji: "Ninaongoza kituo kidogo cha mafunzo ya ufundi hapa Katuba, Lubumbashi. Kwa miaka mitatu shirika moja la Ulaya limetulipia tufundishe vijana kuchomelea vyuma, kushona, umekanika wa magari na ususi. Tathmini ya katikati ilisema vijana wanane kati ya kumi wamepata kazi, na mfadhili alifurahi sana. Lakini mimi ninawaona mtaani. Mmoja aliyesomea kuchomelea anabeba abiria kwa pikipiki, mwingine anauza magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, pamoja na mama yake. Sasa tathmini ya mwisho inakuja. Sisi wenye pesa kidogo tunaweza kupima nini cha kweli? Na matokeo yakiwa madogo kuliko yale yaliyokwisha kusemwa, tuyaseme?"

Mama, nimesoma barua yako kwa makini, na nitaanza na lililo gumu. Hesabu ile ya wanane kati ya kumi inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado isikuambie lolote kuhusu kazi ya kituo chako. Sioni sababu ya kumshuku mtathmini kuwa alidanganya. Aliuliza swali ambalo mjini kwetu karibu kila mtu hulijibu "ndiyo".

Shirika la Kazi Duniani, ILO, humhesabu mtu kuwa ana ajira ikiwa katika wiki inayoulizwa alifanya walau saa moja ya kazi kwa malipo au kwa faida. Mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013 ulikihifadhi kipimo hicho, na kina faida yake, maana nchi zote hupimwa kwa kamba moja. Ukikileta Katuba kinabadilika. Hapa hakuna posho ya asiye na kazi. Kijana asiyetoka asubuhi kutafuta chochote, jioni hana bukari, yaani ugali. Kwa hiyo yule wa pikipiki alihesabiwa, na yule wa makala naye alihesabiwa. Lau wangeulizwa swali lilelile kabla hawajaingia kituoni kwako, wengi wao wangejibu ndiyo vilevile.

Hivyo swali la "umepata kazi?" liache. Muulize mhitimu mwezi uliopita alifanya kazi siku ngapi, na kati ya siku hizo ni ngapi alitumia ufundi aliojifunza kwenu. Muulize alibaki na kiasi gani mkononi baada ya kulipa umeme, mafuta ya jenereta, vifaa na kodi ya kibanda, kwa sababu kijana akiulizwa tu "unaingiza ngapi?" atakutajia pesa zote zilizopita mkononi, hata zile za kununulia chuma cha mteja. Muulize zana anazotumia ni za nani. Akiwa na bosi, muulize kama mkataba ni wa maandishi na unaisha lini. Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee katika Katanga yetu. Kazi nyingi za mafundi migodini hupitia kampuni ndogo zinazochukua kazi kutoka kampuni kubwa, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliyozihifadhia kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kazi hizo imezipa nguvu zaidi. Ni jambo jema, lakini mikataba yake mara nyingi ni ya miezi michache. Kijana aliyeulizwa mwezi wa tano ana ajira. Ukimrudia mwezi wa nane, yuko nyumbani.

Huyo wa pikipiki usimhukumu haraka. Mtafute, ukae naye, umwulize kwa nini. Akikwambia kwamba alikuwa na mashine ya kuchomelea lakini umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, ulikatika siku nne kwa wiki, na jenereta ilikula faida yote, basi tatizo si mafunzo. Ni kwamba mlimfundisha ufundi unaotegemea kitu ambacho mtaa wake hauna. Akikwambia aliuza zana mlizompa ili amlipie mtoto hospitali, hilo ni tatizo lingine, la mtu anayeanza kazi bila akiba yoyote. Akikwambia mafundi wa mtaani walimjaribu wakamwona hawezi kuunganisha bomba bila kuacha tundu, hapo mkono umewafikia ninyi. Na inawezekana pia akakwambia kwamba pikipiki inamlipa vizuri kuliko chuma, na kwamba alinunua pikipiki hiyo kwa pesa za miezi sita ya kuchomelea. Kwa huyo, mafunzo yamesaidia, ingawa kwenye jedwali la mfadhili ataonekana amepotea. Safu moja ya "ndiyo" na "hapana" haiwezi kubeba majibu haya manne, na kila moja linawadai uamuzi tofauti.

Sasa nije kwenye kiini. Hata mkijua vizuri wahitimu wanafanya nini, bado hamjajua ninyi mmefanya nini. Kwa hilo inabidi kujua wangekuwa wapi bila ninyi. Wanaoishi Lubumbashi wana sababu kubwa kuliko wengi ya kulizingatia hili, kwa kuwa maisha ya mji huu hupanda na kushuka na bei ya shaba na kobalti. Mwaka 2015 shaba ilianguka, na Glencore, kampuni kubwa ya madini, ikasimamisha uzalishaji wa mgodi wake wa KCC kule Kolwezi. Karakana za hapa mjini zinazoishi kwa kazi za migodi zilikosa kazi. Kisha kobalti ikapanda hadi karibu dola 95,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, na kila aliyejua kushika kifaa aliitwa. Katikati ya 2019 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya theluthi ya kiwango hicho, na mwisho wa mwaka huo mgodi wa Mutanda ukafungwa kwa muda. Mnamo Februari 2025 serikali yenyewe ikasimamisha usafirishaji wa kobalti, na mwezi wa kumi ikaweka mgawo kwa kila kampuni.

Fikiria vituo viwili vinavyofundisha sawasawa, mwalimu yuleyule, mashine zilezile. Kimoja kilitoa wahitimu mwishoni mwa 2015, kingine mwishoni mwa 2017. Ukilinganisha hali ya vijana kabla na baada ya mafunzo, cha kwanza kitaonekana kimeshindwa na cha pili kitapewa sifa, na yote mawili yatakuwa ni kazi ya bei ya madini katika soko la London. Ndiyo maana sikubali tathmini yoyote ya mafunzo ya ufundi Katanga inayosimama juu ya "kabla na baada" peke yake. Haipimi kituo.

Kinachohitajika ni kikundi cha kulinganisha: vijana wanaofanana na wenu, waliokuwa na hamu ileile, walioishi mwaka uleule katika mji uleule, ila hawakupata mafunzo. Tafiti zilizofuata njia hii zimekuwa nyingi tangu miaka ya 2000, na Nobeli ya uchumi ya mwaka 2019 ilikwenda kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer kwa kazi yao ya kupima miradi ya kupambana na umaskini kwa majaribio ya namna hii. Katika mafunzo ya ufundi matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila mfadhili kabla ya kuandika lengo la mradi. Mwaka 2017 David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tafiti za nchi zinazoendelea, na akaonyesha kwamba kati ya vijana 100 wanaopewa nafasi ya mafunzo, wasiozidi 3 hupata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Uturuki, ambako waombaji karibu 6,000 wa kozi za shirika la ajira la serikali walifuatiliwa, faida ndogo iliyoonekana mwanzoni ilififia kabla ya miaka mitatu kwisha.

Sikutajii haya ili kukuvunja moyo, maana pana mahali mafunzo yalifanya kazi vizuri, na ukitazama kwa nini, unajifunza. Kolombia, katika mradi wa mwaka 2005 uliounganisha darasa na muda wa kazi ndani ya kampuni, mapato ya wanawake yalipanda kwa karibu asilimia 20. Uganda, watafiti waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,700 kwa miaka kadhaa: wengine walisoma miezi sita kwenye vituo vya ufundi, wengine walifundishwa ndani ya kampuni. Mwanzoni makundi yote mawili yalinufaika. Baadaye waliopitia kituo wakawashinda wenzao, kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na cheti ambacho bosi mwingine aliweza kukisoma. Walipopoteza kazi ya kwanza, walirudi kazini upesi zaidi. Kwa kituo kama chako ningelisoma tokeo hilo mara mbili. Ubora wa cheti, yaani kama mwajiri asiyekufahamu anakiamini, ni kitu cha kupimwa chenyewe. Waulize mabosi wa karakana kumi mjini: kijana akija na karatasi yetu, inabadilisha nini?

Utaniambia kwamba watafiti wale walikuwa na pesa nyingi, na ni kweli. Lakini kituo chako kina hazina ambayo vituo vingi huitupa, nayo ni orodha ya waliokosa nafasi. Kila mwaka huwa mnapokea maombi kuliko viti. Majina ya wasiochukuliwa yako wapi? Kama yamo kwenye daftari la usajili pamoja na umri, mtaa, kiwango cha shule na namba ya simu, tayari mna nusu ya tathmini nzuri. Watafuteni hao vijana, waulizeni maswali yaleyale mnayowauliza wahitimu, kwa wakati uleule. Tofauti kati ya makundi mawili ndiyo iliyo karibu na ukweli kuhusu kazi yenu.

Karibu, lakini si ukweli kamili. Kama mlichagua kwa mtihani au kwa mahojiano, mliwachukua wenye akili za haraka na waliovaa vizuri, na hao wangefanikiwa zaidi hata bila ninyi. Kwa miaka iliyopita hamwezi kulirekebisha hilo kabisa. Mnachoweza ni kulinganisha waliopita kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, kwa maana hao wanafanana. Kwa mwaka ujao kuna njia safi zaidi. Chujeni kwanza wale wote wanaofaa, kisha kama wanaofaa ni wengi kuliko viti, pigeni kura ya wazi uani, mbele ya wazazi. Kolombia nao waliwagawia nafasi kwa bahati nasibu. Wakurugenzi wengi huogopa kura wakidhani ni ukatili. Mimi naona ukatili ni nafasi kwenda kwa mpwa wa mtu. Viti vya wale wasioweza kusubiri, kama msichana anayetoka katika nyumba ya mateso, viwekeni kando mapema na mseme wazi kwamba haviingii kwenye kura, wala kwenye hesabu ya kulinganisha.

Jambo linalofuata huharibu tathmini nyingi kimyakimya: wahitimu wasiopatikana. Tufanye mfano. Mlihitimisha vijana 100. Mtathmini alipata 60 kwa simu, na 48 kati yao wana kazi. Ataandika asilimia 80. Lakini 40 hawakujibu. Kama hao wote hawana kazi, ukweli ni 48 kwa 100. Kama wote wanayo, ni 88. Ripoti ya haki inaandika vyote viwili, 48 na 88, kisha inaeleza ni juhudi gani zilifanyika kuupunguza upana huo. Na wasiopatikana hawafanani na waliopatikana. Mwenye karakana yake hajibadilishi namba ya simu, kwa kuwa wateja wanamtafuta kwayo. Aliyekwama ameuza simu. Aliyefanikiwa sana huenda yuko Kolwezi au amevuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo chukueni namba tatu: ya kijana, ya mama au shangazi yake, na ya jirani au mchungaji asiyehama. Mpigieni kila baada ya miezi minne, hata kwa salamu tu. Gharama yake ni vocha na mtu mmoja mwaminifu. Mkifika tathmini ya mwisho, mtampa mtathmini kitu ambacho hata pesa nyingi za Ulaya haziwezi kukinunua kwa wiki mbili za ziara.

Anayepiga simu hizo za maswali asiwe mwalimu wenu. Kijana anayemheshimu mwalimu atamjibu yampendezayo, na anayetumaini kupewa zana nyingine atajibu yatakayomletea zana. Wanafunzi wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaifanya kazi hii vizuri wakifundishwa siku mbili, na maswali yaandikwe mapema kwa Kiswahili tunachokisema hapa, kila mhoji ayasome yalivyo.

Kuhusu pesa, kuna mtego wa faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600, na mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Fundi nguo aliyekuwa akipata faranga 100,000 kwa mwezi na sasa anapata 200,000 anaonekana ameongeza mapato mara mbili, kumbe sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, huenda ananunua unga uleule, au pungufu. Andikeni kila pato pamoja na tarehe, sarafu, na bei ya siku hiyo ya vitu vichache: kipimo cha unga, chupa ya mafuta ya kupikia, gunia la makala. Kwa hivyo mtajua kama maisha yamepanda.

Msimu nao hudanganya. Mashule yanafunguliwa Septemba, na kuanzia Agosti kila cherehani ya mji huu inashona shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Desemba kuna nguo za sikukuu na nywele za sikukuu. Mtathmini akija mwanzoni mwa Septemba, kozi ya ushonaji itaonekana muujiza. Pimeni mara mbili kwa mwaka, au angalau mwulizeni mhitimu kuhusu mwezi wake mbaya zaidi.

Ujuzi wenyewe, ajabu, ndio unaopimwa kwa nadra kuliko yote. Ripoti nyingi zinahesabu vyeti vilivyotolewa, kana kwamba cheti ni mkono. Mjini hapa wapo wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kati ya wale zaidi ya 10,000 walioondoka katika mpango wa mwaka 2003 uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi wana miaka thelathini ya karakana mwilini mwao. Mchukueni mzee mmoja asiye na undugu na kituo, mlipe kwa siku, mpeni wahitimu kumi waliochaguliwa kwa kura na vipande vya chuma, awapime bila kujua nani alipata alama gani. Ninyi mwangalieni akitazama kiungo. Pale atakapokunja uso, mwulizeni kwa nini, na muandike. INPP pia, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ambayo kazi hii imekuwa yake tangu mwaka 1964, inaweza kuombwa itoe mpimaji. Siku mbili za namna hii zitawaambia walimu wenu mambo ambayo ripoti ya kurasa sitini haitayagusa.

Kwa wanawake, hesabuni mwanzo wa safari na siyo mwisho tu. Utafiti uliofanyika Malawi kuhusu vijana waliopelekwa kujifunza kwa mafundi uliona kwamba wanawake waliacha zaidi kwa sababu ya majukumu ya nyumbani, na wengi walitumia akiba yao wenyewe ili kubaki kwenye mafunzo. Kama wasichana ishirini walianza na tisa wakamaliza, asilimia ya ajira ya wale tisa haina maana mpaka mjue wale kumi na mmoja walikwama wapi. Mara nyingi jibu ni dogo na linatibika: mtoto hana wa kumshika, masomo yanaisha jioni na njia ya kurudi Katuba si salama.

Kisha kuna swali ambalo wafadhili hawalipendi, nami naliona ni la haki kabisa kwa majirani zenu: kazi aliyoipata mhitimu wenu, nani aliipoteza? Mkifundisha wasusi ishirini na wote wakafungua vibanda kwenye barabara ileile, vichwa vya kusuka havikuongezeka. Msusi mama wa watoto watano aliyekuwepo kabla amepungukiwa na wateja, na hakuna ripoti itakayomtaja. Kote d'Ivoire, watafiti waliopima mpango wa kuwalipia vijana wanagenzi waliona kwamba baadhi ya karakana zilipunguza wanagenzi wao wa kawaida, ingawa jumla iliongezeka. Tembeleeni vibanda vya zamani vilivyo karibu na vya wahitimu. Waulizeni wenyewe kama kazi imepungua. Kozi za kuchomelea na umekanika huenda zina nafasi zaidi kwa sababu zinauza kwa migodi na malori ya barabara ya Kasumbalesa, na siyo kwa jirani peke yake. Huenda. Ndiyo maana tunapima.

Gharama nitaieleza kwa mfano mwingine. Tuseme kumfundisha kijana mmoja kunagharimu dola 600, na ulinganisho unaonyesha kwamba kati ya 100, kazi 80 zilipatikana kwa wahitimu na 70 kwa waliokosa nafasi. Mmeongeza kazi 10 kwa dola 60,000, yaani dola 6,000 kwa kila kazi. Mfadhili ana haki ya kuuliza kama zana na pesa taslimu zingefanya zaidi. Kaskazini mwa Uganda vikundi vya vijana vilipewa pesa wajitafutie mafunzo na zana; baada ya miaka minne mapato yao yalizidi ya wenzao kwa asilimia 38, lakini baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia. Hata hivyo miaka ile ya kula vizuri na kulipia watoto shule haikufutika. Ninaitaja hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi jibu linavyogeuka kulingana na siku unayopima. Miezi sita baada ya cheti ni mapema mno. Kama mradi unaisha, ombeni angalau kiasi kidogo kibaki cha kuwarudia vijana mwaka wa pili na wa tatu.

Vigezo vya tathmini vya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, utavikuta kwenye hadidu za rejea za mtathmini. Vilikuwa vitano tangu 1991, na mwaka 2019 vikawa sita: kufaa kwa mradi, kuoana kwake na miradi mingine, kufikia malengo, matumizi mazuri ya mali, athari, na kudumu kwa faida. Si vibaya. Lakini ni vichwa vya sura tu. Mtathmini anaweza kuvijaza vyote sita kwa mahojiano na wakurugenzi na wahitimu kumi waliochaguliwa na kituo, na asiwe amepima chochote. Kile cha kuoana na miradi mingine kitumieni vizuri: ulizeni nani mwingine anafundisha ususi Katuba, Kenya na Ruashi mwaka huuhuu.

Na sasa swali lako la mwisho, Mama, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Ndiyo, yasemeni. Msingoje mtathmini ayagundue. Mfadhili aliyesoma tafiti nilizozitaja anajua kwamba wanane kati ya kumi bila ulinganisho ni namba isiyo na uzito. Mkimwonyesha kwamba vijana wenu wanawazidi waliokosa nafasi kwa 10 kati ya 100, mnamwonyesha tokeo linalopita wastani wa miradi mingi duniani, na mnamwonyesha kituo kinachojijua. Yupo mfadhili atakayeondoka kwa sababu alitaka picha na asilimia kubwa. Najua hilo ni hatari kwa mishahara ya walimu wako, wala siichukulii kirahisi. Lakini vijana wanaokuja kwako wanaleta miezi sita ya maisha yao, na mama zao wanauza makala ili walipe nauli. Hao ndio wenye haki ya kwanza ya kujua kozi ipi inalipa na ipi hailipi.

Mwandikie mfadhili kabla hajasaini mkataba na mtathmini, maana baada ya hapo siku na pesa zimekwisha kugawanywa. Omba mambo haya yaingie: wahojiwe pia waliokosa nafasi na walioacha katikati, ziwepo siku za kuwatafuta wasiopokea simu, hadi Likasi na Kolwezi, kuwe na mpimaji wa ujuzi kwa mkono, mahojiano yafanyike mwezi wa tano au wa sita, siyo Septemba, na matokeo yaletwe kituoni, yasomwe mbele ya walimu na vijana kabla ripoti haijafungwa. Majina na namba za simu za vijana msizikabidhi bila ridhaa yao, na mkubaliane kwa maandishi nani atazitunza. Mtathmini akiomba orodha ya wahitimu wa kuwatembelea, usimchagulie. Mpe daftari zima, apige kura mwenyewe.